Tofauti ya Ishirini na Saba

Miaka ishirini na miwili niliezeka mapaa,
Merthyr, Aberdare, hadi kule Rhymney
mvua inakonyesha kwa ubavu.
Kigae cha jiwe hukipigi macho, unakigonga kwa kifundo:
kinacholia ni kizima,
kinachonyamaza kina ufa.
Hiyo ndiyo shule niliyosoma.

Kisha Novemba, paa la kanisa, ukungu na kuvu,
goti la kushoto likanikana.
Daktari alitamka neno "ngazi"
akatikisa kichwa.

Nyumbani palikuwa na kopo la biskuti.
Meinir alilifungua akitafuta sindano
akakuta ankara zangu za miaka yote,
misumari ya shaba, mbao, dizeli, chai,
kila moja na tarehe yake,
kila mwezi na jumla yake, mistari miwili chini.
"Gethin Prosser," akasema, "umekuwa karani kwa siri."
Kweli, mali yangu ilikuwa na daftari,
haikupotea bila habari.
Ilipotea nikiiona.

Barua kumi na moja. Majibu manne.
Shahada ya kwanza ni sharti.
Tunakutakia kila la heri.
Kijana mmoja kwenye simu akaniuliza
nilikuwa wapi miaka hiyo yote.
Juu, nikamwambia.
Juu wapi?
Juu ya nyumba yenu, labda.

Jumanne usiku, chuoni,
nikakaa na watoto wanaoandika kwa vidole gumba.
Mwalimu Osian ni mdogo kuliko buti zangu.
Debiti kushoto, krediti kulia, akasema,
wala msiulize ipi njema ipi mbaya.
Mimi nikauliza.
Wiki tatu nilipotea humo,
na mtihani wa kwanza nikaanguka kwa alama mbili.
Jumanne ileile nilijua. Meinir nilimwambia Alhamisi.

Ofisi ya Bi Eluned Havard iko juu ya dobi,
ngazi kumi na saba, nilizihesabu kwa goti.
Hakuuliza cheti. Alinitazama mikono,
akasukuma sanduku linalonuka bia:
hesabu za baa ya Tegwyn, mwaka mzima.
"Urari umegoma. Tofauti pauni ishirini na saba.
Mhitimu wangu anauhangaikia tangu Ijumaa."

Sasa, maji hayaingii pale yanapodondokea.
Unaliona doa juu ya kitanda,
ufa uko futi kumi juu yake, kando,
penye msumari mmoja uliolika.
Kwa hiyo hulikimbilii doa. Unapanda.
Nikapanda. Desemba, Novemba,
risiti zilizogandamana kama majani ya vuli,
Agosti, Julai, chai ikapoa,
na nilipofika Mei nikakumbuka neno la Osian:
tofauti ikigawanyika kwa tisa,
huenda tarakimu mbili zimebadilishana viti.
Ishirini na saba. Tisa mara tatu.
Machi, fundi wa mabomba:
kwenye ankara themanini na tano,
kwenye leja, upande mmoja tu, hamsini na nane.
Nikaigonga kwa kifundo cha kidole, mezani.
Haikulia.

Bi Havard hakunisifu. Alivua miwani,
akaifuta, akaivaa tena.
"Jumatatu, saa tatu asubuhi. Mshahara ni mdogo."
Akaniandikia udogo wake kwenye kipande cha karatasi,
nami nikakisoma mara mbili
nikidhani tarakimu zimebadilishana viti.

Hazikubadilishana.

Imebaki mitihani sita, na goti bado hutabiri mvua.
Mchana nasimama dirishani na mkate wangu.
Nyumba ya mkabala, safu ya tatu kutoka ukingoni,
kigae kimoja kimeteleza upana wa kidole.
Mwenye nyumba hajui.
Ipo gharama pale, haijaandikwa popote,
na mimi ndiye mhasibu wake wa kwanza.